Dakika Ishirini na Tatu

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeketi mezani kwako, miwani imeshuka puani, na saa mbovu ya mteja iko wazi mbele yako inasubiri huruma. Vipi goti? Vipi kile kikohozi cha asubuhi, kimeondoka au bado mnaishi pamoja? Huku sote tu wazima. Kaka hajambo, Wifi hajambo na anakusalimu sana. Mimi mwilini sina tatizo. Rohoni ndiko kuna kelele, na utaona sababu.

Usishangae kuletewa karatasi zama hizi. Nimekupigia simu mara tatu wiki hii, na kila ukipokea naishia kukuuliza kama mvua imenyesha. Unanijibu kwa adabu zako kwamba haijanyesha, tunaagana, nabaki nimeshika simu najitukana. Basi nimeona niandike. Nataka pia maneno haya yabaki, ili siku mtu yeyote wa ukoo akisema Baba kachanganya mambo, umwoneshe mwandiko wangu. Ndiyo maana nitaeleza hata yale unayoyajua, univumilie.

Najua tarehe ishirini na nane Kaka anakuja na gari la mizigo. Najua umekubali kuhamia kwake, ghorofa ya nne, chumba cha nyuma, na nyumba yako aingie mpangaji. Najua meza yako ya kazi haiwezi kupita kwenye zile ngazi, hata uikate miguu. Kwa hiyo kabla hujaendelea kusoma nakuomba kitu kimoja: kama umeanza kufunga vitu, acha. Keti kwanza, usome hadi mwisho.

Hujawahi kufika kazini kwangu, kwa hiyo ukisikia nafanya kazi duka la kompyuta labda unaniona nimekaa kwenye kiti cha kuzunguka. Hamna. Mimi niko kaunta ya marejesho. Jina zuri, kazi ya matusi. Wenzangu wa mbele wanauza, wanachekewa, wanaitwa dada mzuri. Mimi niko nyuma, jirani na choo, nawapokea walewale wateja wakirudi na kifaa kwenye mfuko wa plastiki na ndita usoni. Tangu mwaka jana, kati ya kumi wanaonijia, saba wamebeba kitu kimoja: kadi ya waifai ya kompyuta za mezani. Ni kipande cha kijani kinachoenea kiganjani, kina antena mbili nyuma. Unafungua kompyuta, unaichomeka ndani, unafunga, basi, unapata intaneti bila kuvuta waya chumba hadi chumba. Kwenye boksi wamechora familia inacheka. Familia hiyo haijawahi kufika kaunta kwangu.

Aliyefika ni mwalimu wa kinanda, mama mmoja anayefundisha kwa video. Alisema wanafunzi wake humwona ameganda, kidole hewani, mdomo wazi, na wameanza kutumiana picha hizo. Akaja wakala wa bima, mtu mzima na heshima zake, akaniapia kwamba kadi ile ina chuki na mkewe, maana mtandao hukata kila mara mama akianza kueleza jambo la maana. Nilicheka, Mungu anisamehe, na yeye akacheka kidogo. Akaja fundi cherehani anayepokea vipimo vya wateja kwa video. Alipata kiuno, mabega hakuyapata, na gauni lilikuwa la bibi harusi. Kila mmoja alikuja na lake. Lakini karibu wote walianza vilevile: samahani dada, labda ni mimi ndiye sijui kuitumia.

Meneja wetu tunamwita Dakika Tano, si mbele yake lakini. Taratibu ni zake. Kadi ikirudishwa naichomeka kwenye kompyuta ya majaribio, ambayo haina kifuniko, inapulizwa na feni, na kile kisanduku cha intaneti kiko juu ya rafu hatua mbili tu kutoka pale. Nasubiri dakika tano. Ikishika mtandao dakika tano, ni nzima. Nagonga muhuri mwekundu, HAINA KASORO, namrudishia mwenyewe, namshauri kwa upole akasome tena maelekezo. Nimegonga muhuri ule hadi dole gumba likaota sugu. Ukitaka nusu saa, Dakika Tano anasema, foleni itafika barabarani, na hapo hajakosea, kweli ingefika.

Nao wanarudi. Mara ya pili, mara ya tatu, hasira juu ya hasira. Nawarudishia zilezile, wananiita mwizi, natabasamu kwa sababu kutabasamu kumeandikwa kwenye mkataba. Mwalimu wa kinanda naye akarudi mara ya nne. Aliweka kadi kaunta, akanitazama, nikapima, nikagonga, na nilipoinua kichwa kumpa alikuwa ameshatoka. Kadi akaniachia. Nilichukia sana siku ile, nikajiambia watu wengine hawana subira.

Sasa nije nyumbani. Mwishoni mwa mwaka jana nilikuletea kompyuta yangu ya zamani ya mezani, nikafunga ndani yake kadi ya aina hiyohiyo, ili kila Jumapili saa kumi alasiri tuonane, wewe kwako, mimi kwangu, Kaka kwake. Ulifurahi hadi ukavaa shati la kutokea. Nami nikafurahi kukuona na shati la kutokea umeketi kuongea na kioo.

Haukupita muda. Tunazungumza vizuri, mara unatulia. Na wewe na kutulia ni ndugu. Miaka yote ile ya kuinamia saa imekuzoesha kukaa bila kutikisa hata unyusi. Basi uso wako ulipoganda kwenye skrini, sisi tuliona Baba anasikiliza. Tukaendelea kukupa habari. Baada ya muda picha inapotea kabisa, na dakika chache mbele unarudi unatabasamu, unatusimulia upya kisa cha yule bwana aliyeleta saa imejaa unga wa ngano, na nusu yake tulishaisikia. Au unauliza jambo ambalo tumelimaliza sasa hivi. Kaka akaanza kuniandikia ujumbe pembeni: umemwona Baba?

Halafu ikaja ile ya Shangazi. Kaka alikueleza kwa kirefu kwamba dada yako amelazwa, akakutajia wodi, akakutajia saa za kuona wagonjwa. Uso wako ulikuwa pale, umetulia. Zikapita wiki mbili hukwenda. Jumapili iliyofuata ukauliza, kwa furaha kabisa, kama Shangazi bado anagombana na kuku wa jirani. Kaka alikukaripia, nilimsikia. Alisema Baba tumekwambia, tumekwambia vizuri, hivi unatusikiliza kweli? Ukasema samahani wanangu, kichwa hiki. Kesho yake ukaenda kumwomba Shangazi radhi kwamba umemsahau dada yako wa tumbo moja kitandani, na hadi leo amekununia.

Baada ya hapo Kaka aliniuliza, mbele yako, kama mtu wa kompyuta katika familia, iwapo si ile kadi inayoleta haya. Nikamjibu haiwezekani. Nikasema kadi ile imepimwa na imegongwa muhuri. Kaka akashusha pumzi, akasema basi ni Baba. Kutoka hapo mambo yakakimbia: miadi ya daktari, chumba cha nyuma, mpangaji, gari la mizigo. Daktari alikuuliza tarehe, mwezi, akakupa maneno matano uyakumbuke, ukamrudishia yote matano na la sita ukamwongezea kwamba saa yake ya ukutani imechelewa. Kaka akasema ulikuwa na siku nzuri.

Sasa nikueleze habari ya mteja mmoja, na hapa usome polepole. Ni mkalimani wa hospitali. Anakaa kwake, mgonjwa yuko huko na daktari yuko huko, yeye anawatafsiria kwa video. Alikuwa amesharudisha kadi mara tatu, na mara tatu nilimgongea. Mara ya nne hakuja na kadi. Alikuja na kompyuta yenyewe, kasha zima limefungwa vizuri kwa skrubu zote, akalitua kaunta kwangu kwa kishindo. Akavuta stuli, akakaa, akatoa chupa ya chai, akatangaza kwamba leo hagongewi mtu muhuri mpaka chai hii iishe. Tangu siku ile jina lake ni Mama Stuli.

Aliniambia kilichomleta. Wiki ile mgonjwa alikuwa anataja dawa inayomdhuru mwilini. Mgonjwa akaanza, "Nikipewa...", na mtandao ukakata palepale kabla ya jina la dawa. Bahati daktari alisubiri. Mama Stuli alisema hakulala vizuri tangu siku hiyo na hataki mtu amfie mkononi kwa ajili ya kipande cha bati. Nikaiwasha vilevile ilivyofungwa, ikashika mtandao. Dakika Tano akaja dakika ya tano, akatazama saa, akasema umeona mama, iko safi. Mama Stuli akamjibu kwamba watu hawaugui dakika tano, na akamimina kikombe cha pili. Foleni nzima ikacheka. Tukakaa. Dakika ya kumi safi, ya kumi na tano safi, ya ishirini Dakika Tano akaanza kuniamrisha nimtoe. Dakika ya ishirini na tatu, chwi, mtandao ukakata. Mama Stuli alifungua daftari lake, na humo alikuwa ameandika kila siku iliyokata na muda wake: ishirini na mbili, ishirini na tatu, ishirini na nne, ishirini na tatu.

Fundi wetu wa nyuma akaifungua. Kuna kibati kidogo kinachotakiwa kupooza kadi, na kiwandani wamekibandika ovyo. Ndani ya kompyuta iliyofungwa kadi inapata moto taratibu, ukifika kiasi fulani inazima yenyewe. Ikipoa dakika chache inarudi kazini, haijui kitu. Kwenye kompyuta yetu iliyo wazi na yenye feni, kwa dakika tano, hiyo kadi ungeipima mpaka mwisho wa dunia usione kasoro. Dakika Tano akampa Mama Stuli kadi ya aina nyingine, akamwomba asipige kelele mlangoni. Kisha akatugeukia, akasema taratibu ziendelee kama kawaida.

Umeelewa, Baba? Hukusahau kitu. Shangazi alipotajwa wewe hukuwepo, ilikuwepo picha yako. Kisa cha saa ya unga ulikirudia kwa sababu mtandao uliporudi ulijua ulikuwa umekata katikati yake. Hujarudia kisa hata kimoja ambacho tulikuwa tumekisikia chote. Miezi yote hii tumemhukumu mtu ambaye alikuwa anaongea peke yake chumbani bila kujua, halafu anarudi anakuta wanawe wamekunja nyuso.

Ningetamani kuishia hapa. Barua hii nimeianza upya mara nne na kila mara nilitaka kuishia hapa.

Mama Stuli hakuja jana wala wiki iliyopita. Alikuja mwezi wa tatu. Kaka aliniuliza mwezi wa tano. Nilipofungua mdomo wangu mbele yako kusema kadi ni nzima, nilijua si nzima. Nilikuwa nimeiona ikizima kwa macho yangu, na nilijua hiyo ndiyo iliyoko chumbani kwako.

Na haikuwa mpya, Baba. Ni ile ya mwalimu wa kinanda. Aliponiachia nikaibeba, nikakufungia, nikakwambia nimekununulia. Wakati ule niliuamini muhuri wangu, hilo naapa. Lakini ukanisifu, ukamwita jirani aje aone zawadi ya binti yako, na mimi nikasimama pale nikachekelea. Kusema kadi ni mbovu kungekuwa kusema na ilikotoka, na kusema kwamba kila nilichogonga mwaka mzima ni uongo. Nikaona haya. Sina sababu nyingine kubwa ya kukupa, nimeitafuta sikuiona. Niliona haya, nikakuacha wewe uonekane umechanganyikiwa.

Kibaya kuliko vyote unakijua. Mwezi wa sita ulinipigia kwa simu ya kawaida, sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kusikiwa kwake mwenyewe. Ukaniambia umeweka saa mezani Jumapili nne mfululizo, na kwamba mtandao unakata dakika ya ishirini na tatu, ikizidi sana ya ishirini na nne. Ukasema mtu akisahau hasahau kwa ratiba. Ukaniuliza kama inawezekana kuna kitu ndani ya ile kompyuta. Fundi saa wa miaka yote hiyo ananiletea dakika zilezile za daftari la Mama Stuli, bila kumjua, bila daftari. Na mimi nikakwambia Baba usijisumbue, ni uzee tu, sote tunaelekea huko. Kisha ukasema asante, mama, kwa kuniambia ukweli.

Jumapili iliyopita ulipomwambia Kaka kwamba unakubali kuhama, kwa sababu hutaki kuwa mzigo wa watu, sikuweza tena. Jumatatu sikwenda kazini, nilikwenda kwa Kaka. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama mlangoni, maana niliogopa nikikaa nitapunguza. Aliniambia maneno ambayo siwezi kukuandikia, na yote nilistahili. Halafu akakaa kwenye ngazi, akauliza, kama anajiuliza, ni mangapi mengine tulimkaripia Baba. Alimpigia mpangaji mbele yangu akamwambia nyumba haipo. Alitaka kukupigia na wewe palepale. Nikamsihi aniache niseme kwanza mwenyewe. Amenipa mpaka Ijumaa. Tarehe ishirini na nane atakuja, lakini bila gari la mizigo. Anakuja kukuomba radhi. Shangazi nimemwandikia ya kwake, fupi, nimemwambia anune kwangu.

Kazini nilimwambia Dakika Tano kwamba sigongi tena muhuri kabla ya nusu saa. Amenihamishia stoo, napanga maboksi yenye ile familia inayocheka. Kaunta ameweka mwingine, naye anagonga. Mwalimu wa kinanda nimemtafuta kwa namba aliyoacha kwenye fomu, hapokei, na simlaumu.

Ndani ya kifurushi hiki kuna waya mrefu. Upande mmoja uchomeke kwenye kisanduku cha intaneti, upande wa pili nyuma ya kompyuta, kwenye tundu la mraba lililo chini kabisa. Upitishe pembeni ya ukuta usije ukajikwaa na goti hilo. Ile kadi ing'oe, itupe, au uifungue uone walivyokibandika kibati chao, najua utaifungua. Sikuombi unisamehe kwa haraka. Ukitaka kunisema, nipigie, nitasikiliza hadi utakapomaliza, na safari hii hakuna kitakachokata.

Jambo la mwisho. Jumapili iliyopita, nyuma ya bega lako, niliona karatasi imebandikwa ukutani. Sikuiona vizuri, nikaikuza picha. Ni mwandiko wako ule ulionyooka. Umeandika: Binti nimeshamuuliza hali yake. Nisimuulize tena.

Ibandue, Baba, nakuomba, leo hii kabla hujaweka waya. Mpe Shangazi salamu zangu akikubali kuzipokea, na jirani pia. Mimi ni mzima. Ukitaka kujua hali yangu, uliza, na ukishajibiwa uliza tena.

Ni mimi,
Binti yako